Kigingi Nilichokipanda Siku ya Sabato

Naitwa Celestine, nina miaka kumi na sita, na shule niliiacha darasa la nne. Watu wakiuliza kwa nini, mama huwaambia ni mambo ya nyumbani. Si kweli. Niliacha shule kwa sababu nilikuwa naenda shule kila siku.

Ngoja nieleze. Mimi si mtu wa kuongea. Mwalimu akiita majina asubuhi, wenzangu walijibu "Nipo!" mpaka mabati yakatetemeka. Mimi niliinua kidole. Mwalimu alikuwa na watoto sabini na macho yake yako kwenye daftari, kidole angekionea wapi? Akaandika kwamba sipo. Muhula mzima. Mwezi wa saba barua ikaletwa nyumbani: mtoto haonekani shuleni. Mama akaisoma, akaniangalia nilivyosimama pale na sare yangu yenye wino, akanichapa kwa utoro. Nililifikiria jambo hilo wiki nzima. Nikaona kama adhabu nimeshaipata, heri na kosa nilitende. Ndiyo masomo yangu yalivyokwisha, kwa kushindwa kusema neno moja lenye herufi nne.

Tunakaa kwenye mteremko juu ya soko la Daraja Mbili, upande ule unaokutoa jasho ukirudi kutoka sokoni. Mama huuza ndizi. Mimi huzikata, huzibeba, kisha hunyamaza kando yake siku nzima. Wateja hudhani ni heshima.

Nyumba yetu iko kando ya kinjia kinachoshuka moja kwa moja kutoka mgongo wa kilima mpaka kijito. Ng'ambo ya kinjia ni vyumba vya kupanga vya Mzee Osoro, milango kumi, mabati juu na pembeni. Mlango wa tatu anakaa Aloo, ambaye sote tunamwita Mama Pam. Alitoka upande wa ziwa miaka minane iliyopita na beseni moja la omena, vile visamaki vikavu vya ziwani, na mpaka leo ukitaka kujua kama amerudi nyumbani huhitaji kumwona, pua inatosha. Nyuma ya vyumba hivyo kuna viazi vitamu vya Osoro, na baada ya viazi linaanza shamba la Tata Onsongo (tata kwetu ni baba), mwalimu mstaafu, ambaye mwanawe amejenga huko nyumba ya vigae.

Shule za serikali ziko mbili. Majina yake rasmi yapo kwenye mabango, lakini sisi tunasema ya Juu na ya Chini. Ya Juu iko kilimani, ina madarasa ya matofali na watoto wa soksi nyeupe, watoto wa walimu, wa manesi, wa wenye majani chai. Ya Chini iko bondeni karibu na soko, ni ya watoto wa wachuuzi na wa bodaboda na wapangaji, wengi wao watu wa ziwa, pamoja na wachache wetu wasio na la kufanya. Mimi nilitoroka ya Juu. Hata kushindwa, nilishindwa mahali pa heshima.

Sasa kuna mdogo wangu Jemimah, miaka sita. Huyu amenirithi ugonjwa. Nyumbani anaongea na kuku, anaongea na sufuria, anaongea na mimi kidogo. Kwa watu wengine hafungui mdomo, isipokuwa Pam akiwa karibu. Pam ni mtoto wa Mama Pam, naye ana miaka sita, na maneno ambayo Mungu alitunyima sisi alimpa yeye kwa lugha tatu. Walisoma chekechea ya kanisa pamoja. Mwalimu akiuliza, "Jemimah, huyu ni mnyama gani?" Jemimah anamnong'oneza Pam, na Pam anasimama: "Jemimah anasema ni mbuzi, lakini mimi naona ni ng'ombe mwembamba." Baada ya miaka miwili hivi, Jemimah alishaanza kujibu mwenyewe, ilimradi ameshika nguo ya Pam. Mimi nilikuwa nikiwaangalia na kuhesabu miezi. Mwaka mmoja zaidi, nikajiambia, na huyu atasema "Nipo" bila kushika mtu.

Halafu akaja Bwana Nyasani na vigingi vyake.

Nyasani ni afisa wa elimu, kijana mpole mwenye viatu vilivyokuwa vyeusi alipofika na vyekundu alipoondoka. Alizunguka nyumba kwa nyumba na tableti akieleza mpango. Zamani wa kilimani walikwenda ya Juu na wa bondeni ya Chini, basi. Sasa kamati imeona si vizuri shule moja iwe ya viatu na nyingine ya malapa, moja ya kabila hili na nyingine ya kabila lile. Mpaka mpya hautakata kilima kwa upana. Utashuka toka juu mpaka chini.

"Mama, si nyinyi hugawa shamba hivyo?" akamwambia mama yangu. "Kila mtoto wa kiume anapata kipande chembamba, kinaanzia kwenye mgongo pakavu mpaka majini. Hakuna anayepewa mlima peke yake na mwingine bonde peke yake. Shule pia zitagawana hivyo."

Mama akaelewa mara moja. Hakuna Mkisii asiyeelewa ugawaji wa shamba. Na hapo ndipo Nyasani alipokosea, kwa sababu alieleweka kupita kiasi. Siku iliyofuata alikuja na watu wake wakachomeka vigingi vya mbao vyenye vichwa vyekundu toka mgongo mpaka kijito, ili watu waone mpaka unaopendekezwa na watoe maoni. Sasa, kwetu, ukubwa wa shamba ni hatua unazoweza kuhesabu kabla chai haijapoa. Mtu akiona kigingi chekundu hatoi maoni. Anatoa jembe.

Vigingi vilifuata kinjia chetu. Wa kushoto, ya Juu. Wa kulia, ya Chini. Sisi tuko kushoto. Vyumba vya Osoro viko kulia. Jemimah na Pam, ambao wanatenganishwa na hatua nne na mfereji wa maji machafu, walikuwa wametenganishwa na serikali.

Mama alifurahi. Siku hiyo hiyo alishuka kwenye mitumba akanunua sweta ya ya Juu, rangi ya damu ya mzee. Aliinunua kubwa, atakua akiivaa. Jemimah alipoijaribu ilimfika kwenye vifundo vya miguu, na mikono ikabaki inaning'inia kama ya mtu aliyeondoka.

"Ataikulia," mama akasema.

"Lini?" nikauliza. Hiyo ilikuwa hotuba yangu ya siku.

Jemimah hakulia. Alikwenda na sweta yake mpaka mlango wa tatu, akarudi, akaniuliza kwa sauti ile anayoongea na kuku, "Huko Juu, nani atanisemea?"

Mtu mwenye akili hapo angemfuata Nyasani akamweleza. Mtu mwenye nusu akili angemwambia mama. Mimi nilikaa siku tatu nikikiangalia kigingi kile cha mbele ya nyumba yetu, nikafikia uamuzi kwamba shida yote ni kigingi. Kikihama hatua thelathini, kikipita vyumba vya Osoro, Pam atakuwa wa Juu. Hivyo tu. Niliona ajabu kwamba watu wazima wenye digrii hawakuliona.

Kuhamisha mpaka kwetu ni jambo la laana. Mpaka hupandwa mbele ya wazee wa pande zote mbili, na wanawake wazee watakutajia mikono iliyokauka na ng'ombe waliokufa wamesimama. Basi nikachagua siku ambayo hakuna wa kuniona: Jumamosi, watu wote wakiwa Sabato. Nikamwambia mama tumbo linaniuma. Kwa hiyo kabla sijagusa kigingi nilikuwa nimeshadanganya, nimekosa kanisa, na nimepanga kufanya kazi siku ya mapumziko. Nilipopiga hesabu nikaona laana ya mpaka itanikuta nimeshajaa.

Saa nne asubuhi, nyimbo za kanisani zikipanda mteremko, nilikichomoa. Kilitoka kirahisi. Nikakibeba chini ya leso mpaka nyuma ya vyumba, kwenye viazi vitamu. Nilitaka kukiweka pembeni kabisa, lakini pembeni palikuwa na mawe, kwa hiyo nikasogea ndani hatua mbili palipo na udongo laini. Nikagonga na jiwe. Nilipoinua kichwa, Pam alikuwa amechuchumaa mbele yangu anakula muwa. Sikuwa nimefikiria kwamba Mama Pam si Msabato.

"Dada Celestine, unapanda nini?"

"Mti," nikasema.

"Hauna majani."

"Yatatoka."

Akautazama mti huo kwa heshima, akaumwagia maji ya kikombe alichokuwa nacho, akaenda zake.

Jioni Mzee Osoro alirudi kutoka kanisani na suti yake, akaenda kuangalia viazi, na akakuta kigingi chekundu cha serikali kimesimama hatua mbili ndani ya shamba lake, upande wa Onsongo. Sabato ilikuwa haijaisha vizuri. Alipiga ukelele ambao nadhani hata kule Suneka waliusikia.

"Onsongo! Onsongo amenikata! Miaka ishirini na mbili anayatazama haya mashamba!"

Tata Onsongo akatoka na bakora. "Nimekukata wapi, na mimi nimetoka kanisani nawe, benchi moja?"

"Hiki ni nini? Kimeota?"

"Muulize aliyekihamisha! Wewe ndiye unataka wapangaji wako waende ya Juu upandishe kodi!"

Mimi nilikuwa mlangoni nachagua maharagwe. Nilichagua maharagwe yale mara tatu, mpaka nikaanza kutoa mazuri na kubakisha mawe. Hatua thelathini zangu zilikuwa zimefufua kesi ambayo baba zao waliizika. Usiku ule mke wa Osoro hakumpa mke wa Onsongo moto, na Jumapili wazee wawili wa ukoo wakaitwa waje kupima kwa kamba. Ningeweza kusema neno. Nilijiambia nitalisema kesho. Kesho ilipofika nikaona ina watu wengi.

Jumanne ilikuwa baraza kwenye uwanja wa ya Chini. Walikuja kilima na bonde. Nyasani akasimama na tableti, akataka kuanza na maombi, lakini Tata Onsongo alikuwa ameshasimama.

"Sisi tulichanga tukajenga ile shule," akasema. "Kila tofali lina jina la mtu. Leo mnatuambia wajukuu wetu washuke huku, na hawa wapande kule. Mimi sina ubaya na mtu. Lakini watoto wetu watasahau lugha yao."

Mama Pam akainuka. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, na safu mbili za mbele zikalijua hilo kabla hajafungua mdomo.

"Tata Onsongo, habari ya nyumbani?"

"Nzuri, Mama Pam."

"Wajukuu wamekula nini jana?"

Onsongo akakohoa. "Omena."

"Ya nani?"

Watu wakaanza kucheka.

"Sema tu, tata. Ya nani?"

"Yako."

"Asante. Watoto wako wanakua na samaki wangu, miaka minane sasa. Tumboni wanakaa vizuri pamoja. Dawati moja ndilo haliwezekani? Na hiyo lugha, muite mjukuu wako yule anayekuja na gari Disemba, asimame hapa na Pam wangu, tuone nani anajua Ekegusii."

"Huyo wa Nairobi usimguse," mtu akapaza sauti nyuma, "huyo hata kuku anaogopa!"

Uwanja ukacheka, na Onsongo mwenyewe tabasamu lilimponyoka kidogo. Hapo Osoro akaona baraza linapoa bila kesi yake kusikizwa. Akaruka.

"Kabla ya lugha, tuongee wizi! Huyu mzee amehamisha mpaka akauweka ndani ya viazi vyangu! Wazee waje na kamba leo, la sivyo—"

"La sivyo nini?" Onsongo akainua bakora. Vijana wakaingia katikati. Wanawake wakaanza kumwita Nyasae, jina ambalo watu wa ziwa na sisi tunalitamka karibu sawa, kwa hiyo uwanja mzima ulikuwa unamwita Mungu mmoja na kusukumana.

Mimi nilikuwa nimekaa chini kando ya mama, naangalia kidole changu kikubwa cha mguu. Nataka niseme kwamba nilikuwa karibu kusimama. Sikuwa karibu. Nilikuwa nahesabu njia ya kupita nyuma ya choo.

Pam ndiye aliyepanda juu ya benchi. "Si mpaka!" akapaza sauti kwa Kiswahili, kisha kwa Ekegusii, kisha kwa Kijaluo, asibaki mtu. "Ule ni mti! Dada Celestine aliupanda Jumamosi! Nimeumwagilia maji!"

Sijawahi kutazamwa na watu wengi hivyo. Miaka minne darasani hakuna aliyeniona, na sasa tarafa nzima.

"Celestine?" mama akasema. "Wewe? Si ulikuwa na tumbo?"

Nilijaribu kujibu. Ilitoka hewa. Basi nikafanya kile ninachoweza: nikainuka, nikapanda kinjia mpaka kwenye viazi, watu wakinifuata kama maziko, nikakichomoa kigingi, nikakirudisha hatua thelathini mpaka kwenye shimo lake la kwanza. Shimo lilikuwa bado linangoja. Nikakichomeka, nikasimama kando, nikamwangalia Mzee Osoro, kisha Tata Onsongo, kisha ardhi.

"Samahani," nikasema. Hilo lilitoka.

Kisha Nyasani akafunika uso na tableti yake, mabega yakimcheza. Tulidhani analia.

"Mimi niliweka vigingi kumi na vinne," akasema alipoweza. "Leo asubuhi nimehesabu ishirini na moja."

Mtu akaguna. Macho yakaanza kutembea. Kando ya nyumba ya vigae, kulia kabisa, kulikuwa na kigingi ambacho rangi yake nyekundu ilifanana sana na ya mlango wa Tata Onsongo. Osoro alikiona. Onsongo alimwona Osoro akikiona. Wazee hao wawili wakaangaliana, na Osoro akaanza kucheka mpaka akashika magoti.

"Benchi moja, sio?" akasema.

"Nyamaza, wewe," Onsongo akajibu. "Nilikuwa namtafutia mjukuu shule. Viazi vyako vina minyoo, nani anavitaka."

"Na hata mkivihamishia kule Keumbu," Nyasani akasema, "mpaka uko humu," akagonga tableti. "Vigingi ni vya kuonyesha tu. Nyumba zimeandikwa tayari, moja moja."

Fikiria. Laana, uongo, Sabato, kesi ya miaka ishirini na mbili, kwa ajili ya kijiti cha kuonyesha. Nilitamani ardhi inimeze, lakini kwa jinsi ilivyo ndogo kwetu, ningetokea kwa jirani.

Nyasani akanigeukia. Hakuwa mkali. "Ulitaka nini, dada?"

Nikamnyooshea kidole Jemimah, kisha Pam. Walikuwa wameshikana nguo.

"Waende pamoja?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi mbona rahisi? Kupanda ndiko kuna mpaka, kwa sababu kila mtu anataka kupanda. Kushuka hakuna mpaka. Mzazi akitaka mtoto wake aende ya Chini, anaandika jina hapa." Akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne. "Nimezunguka nayo wiki tatu."

Akaikunjua. Ilikuwa nyeupe kabisa.

Hapo ndipo nilipoona haya, haya halisi, si ile ya vigingi. Siku zote zile nilizokaa nikipanga, nilimpandisha Pam kwenda ya Juu kwa kila njia, hata kwa wizi. Kumshusha Jemimah kwenda ya Chini hakukupita kichwani mwangu hata kwa bahati mbaya. Mimi, niliyekula samaki wa Mama Pam kwa mkono wangu. Mimi, ambaye ya Juu ilinikalisha muhula mzima na kuniandika sipo. Nilimwangalia Mama Pam. Alikuwa anaiangalia ile karatasi nyeupe, halafu akatazama pembeni, akawa anafuta mikono ambayo ilikuwa safi.

"Na sweta?" mama akasema. "Nimeshanunua sweta."

"Ni uamuzi wako, mama," Nyasani akasema. "Ngoja kwanza nione kama mtoto ameandikwa sawa." Akainamia tableti, akasoma kwa sauti, "Jemimah... Jemimah yupo?"

Jemimah akainua kidole.

Nyasani hakuinua macho. "Jemimah hayupo?"

Kidole kikapanda zaidi, mpaka akasimama kwa ncha za vidole vya miguu. Hakuna sauti. Mama alikuwa anakiangalia kile kidole. Kisha akageuka polepole akaniangalia mimi, akaniangalia muda mrefu, toka usoni mpaka kwenye mkono wangu wa kulia. Sijui aliona nini huko. Barua ile ilikuwa ya miaka sita iliyopita.

"Yupo!" Pam akapiga kelele. "Si huyu hapa!"

"Nipo," Jemimah akasema, ndani ya nguo ya Pam.

Mama akachukua kalamu kutoka mkono wa Nyasani. "Mwandike ya Chini," akasema, kisha akaandika mwenyewe. Mama Pam akasema kitu kwa Kijaluo, kikaishia na "nyathina", yaani mwanangu, akamvuta Jemimah kwenye kanga yake. Jemimah alinuka omena mpaka Ijumaa.

Hakuna aliyeandika jina chini ya la mama siku hiyo. Mpango wenyewe ulipita na mikwaruzo, na Januari mjukuu wa Tata Onsongo wa nyumba ya vigae alishuka ya Chini na soksi zake nyeupe, analia. Wiki ya pili soksi zilikuwa za kahawia naye amenyamaza. Jemimah anajibu jina lake. Mwalimu anasema anajibu kabla halijaisha kuitwa, sijui anaogopa nini.

Sweta ya ya Chini ni ya kijani. Ile ya damu ya mzee muuzaji wa mitumba alikataa kuirudisha, na mama hatupi kitu. Ilinunuliwa kubwa, atakua akiivaa. Inanienea mimi kabisa, mpaka mikono. Kwa hiyo asubuhi zenye baridi nashuka sokoni na mkungu wa ndizi kichwani na nembo ya ya Juu kifuani, na Mzee Osoro, akiwa kwenye viazi vyake, hajawahi kuniacha nipite.

"Mwanafunzi! Leo umepanda mti wapi?"

Zamani ningeinua kidole tu. Siku hizi namjibu.

"Bado natafuta udongo laini, tata."